Siku ya kwanza kuingia Tate Modern, London: tupeane uzoefu

Mgeni wa Peckham
Wakuu, salaam. Nina miezi mitatu hapa London. Jumamosi mvua ilinikuta kando ya mto Thames, nikajibanza kwenye jengo la matofali lenye bomba refu la moshi. Nilidhani kiwanda, na sikukosea sana: palikuwa na mitambo ya kufua umeme, pakafunguliwa kama makumbusho ya sanaa za kisasa mwaka 2000. Kuingia bure. Nusu saa baadaye nimesimama mbele ya choo cha kukojolea cha wanaume, kimesainiwa "R. Mutt 1917", watu wanakipiga picha! Kazi ya Marcel Duchamp. Tena si chenyewe. Cha kwanza kilipotea, hiki ni nakala ya 1964. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nyie mliponaje?

Fundi Mwashi
Afadhali yako. Mimi nilikutana na matofali 120 ya msanii Carl Andre. Yamepangwa sakafuni, sita kwa kumi, kozi mbili (tabaka mbili kwenda juu), bila saruji. Nikapiga goti, jicho moja nimefumba, nione kama yamenyooka. Mlinzi akanisogelea taratibu, akidhani nataka kugusa. Baadaye nikasoma kwamba magazeti ya huku yaliwaka mwaka 1976, wananchi wakilalamika pesa ya umma kununulia matofali. Nilikuwa upande wa wananchi. Ila nikiri, kozi zile zimenyooka kuliko za vijana wangu.

Mzee wa Tanga
Nyie mmekuja juzi. Mimi niliingia Novemba 2003, mwaka wangu wa kwanza wa baridi. Jua la huku mwezi ule linazama saa kumi jioni, na kabla ya hapo nalo si jua la kujivunia. Nikateremka ule mteremko wa Turbine Hall, ukumbi ambao kimo chake ni kama mita 35, na kule mwisho kulikuwa na jua. Jua zima, la manjano, na ukungu mwepesi. Kazi ya Olafur Eliasson. Ukikaribia unaona ni nusu duara ya taa, nusu nyingine inakamilishwa na kioo kilichofunika dari yote. Watu wamelala chali sakafuni wanajitafuta juu kama sisimizi. Nikavua koti, nikalala nao. Hakuna joto hata kidogo, lakini mwili ulidanganyika. Nilirudi Jumapili nne mfululizo, sikumwambia mtu.

Dada Kisoda
Mimi kilichoniacha mdomo wazi ni kazi ya El Anatsui, msanii Mghana, mwisho wa 2023. Mapazia makubwa ajabu, moja kama tanga la jahazi. Kwa mbali unasema hariri, sogea: visoda! Maelfu, vimepondwa na kufungwa kwa waya. Sisi tulivichezea drafti. Nilikaa chini nikitafuta chapa ninayoijua.

Bi Pindo
Assalaam alaykum. Mimi nilimpeleka mama, alikuja kutembea kutoka Unguja, tukaona maonyesho ya msanii Lubaina Himid (haya yalikuwa na tiketi, si bure). Kazaliwa Zanzibar 1954, akaletwa Uingereza mchanga kabisa, na 2017 akapata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya huku. Kulikuwa na vitambaa vimetungikwa mtindo wa kanga, mchoro kati na maneno. Mama akavikagua kama yuko sokoni Darajani. Pindo kaliona, mji kauona. Akaniuliza jina linasemaje. Nikamfasiria.
"Kwa Kizungu?" akasema. "Sasa fumbo litamfikiaje jirani?"
Bibi mmoja wa Kizungu akaomba atafsiriwe. Mama akamshika mkono, wakazunguka chumba kizima, mie mkalimani, miguu ikiniwaka moto.

Mgeni wa Peckham
Bi Pindo, mpe mama shikamoo yangu. Fundi, una hakika ni kozi mbili? Narudi Jumapili, nitahesabu.