Nimestaafu Lamu: SHA nilipe vipi, na mama yangu aingie wapi?

Mstaafu wa Langoni:

Assalaam alaykum. Nilistaafu mwezi wa Juni baada ya kutimiza miaka 60, nikiwa karani katika idara moja ya serikali hapa Lamu. Miaka yote ya kazi bima ya afya kwangu ilikuwa ni makato tu, kwanza ya NHIF, ule mfuko wa zamani wa bima ya afya ya taifa, na kisha, tangu SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya, ilipoishika nafasi yake mwezi wa Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya mshahara. Sikuwahi kuuliza fedha hizo zinanikinga na nini. Sasa mshahara umekatika na makato yamekatika nao, na ninajikuta mgeni katika jambo nililolilipia zaidi ya miaka thelathini.

Nyumbani tuko wanne: mimi, mke wangu anayeshona kofia, mwanangu wa miaka 23 anayesoma chuoni Mombasa, na mama yangu mzazi aliyepita miaka 80. Nilipobonyeza *147# ya SHA na kujibu maswali ya tathmini ya mapato, nililetewa kiasi cha mchango kikubwa kuliko nilivyotarajia, tena cha mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Nashuku ni nyumba. Tunaishi katika nyumba ya mawe tuliyorithi, ambayo ukiitazama kutoka nje utadhani anakaa liwali, ilhali boriti za dari zimeoza na mvua ikinyesha tunahamisha vitanda.

Ninaomba kujua kama mama yangu anaingia katika bima yangu, maana pale barazani wanasema wazee hutibiwa bure. Na pia kama ni busara kukitoa kiasi hicho katika kiinua mgongo sasa hivi, au ningoje pensheni ya kila mwezi itulie kwanza.

Binti Mkomani:

Wa alaykum salaam, ami. Nimewasaidia wazee wengi wa mtaani kwetu kujiandikisha, na kosa ninalokutana nalo kila mara ni mtu kudhani kwamba akishaandikishwa basi ana bima kamili, ilhali kujiandikisha ni jambo moja na kulipa ni jingine. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliunda hazina tatu. Ya kwanza ni ya afya ya msingi, inayogharamiwa na serikali, na kila aliyejiandikisha huhudumiwa kwayo katika zahanati na vituo vya afya, yaani viwango vya 2 na 3, bila kulipa mchango wowote. Ya pili ndiyo hii unayotakiwa kuichangia, na ndiyo inayogharamia kulazwa, upasuaji, kusafishwa damu kwa wenye maradhi ya figo na matibabu ya saratani. Ya tatu ni ya dharura na maradhi sugu, ambayo huchukua mzigo pale fungu la hazina ya pili linapokwisha. Kwa mfano, viwango vya malipo vilivyoanza na SHA viliiwekea saratani Sh400,000 kwa kaya kwa mwaka kutoka hazina ya pili, na Sh150,000 nyingine kutoka ya tatu.

Kwa hiyo wale wa barazani wamesema nusu. Mama akipelekwa zahanati kwa homa au kupimwa presha, hadaiwi kitu maadamu ameandikishwa. Akivunjika nyonga akalazwa hospitali ya King Fahd hapa Lamu, hapo ataulizwa mchango wake, na umri wake hautakuwa jibu. Zile Sh2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali, wanazopokea wenye miaka 70 na zaidi ni fedha za kujikimu, wala si bima. Ni kweli kwamba sheria inaitaka serikali iwalipie wasiojiweza, lakini hao huteuliwa, na mzee hahesabiwi miongoni mwao kwa sababu ya uzee peke yake.

Mama hawezi kuingia katika kaya yako, kwani wanaoingia ni mke na watoto. Mwandikishe peke yake, afanyiwe tathmini yake. Kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka, na bibi asiye na mapato huenda akaangukia hapo. Mwanao bado yumo, kwa sababu mtoto aliye katika masomo ya muda wote hukubaliwa mpaka miaka 25, ila hakikisha jina lake limeongezwa kama mtegemezi, maana halijiongezi lenyewe.

Na tafadhali, namba ya simu iwe ya nyumbani. Nimekwisha kumwona bibi amekaa kwenye benchi tangu asubuhi kwa sababu namba ya siri ya kumthibitisha, inayotumwa kwa simu, ilikuwa ikienda kwa mjukuu wake aliyekuwa baharini akivua.

Mwalimu wa Maweni, Malindi:

Nakuhimiza usingoje pensheni itulie, na nalisema hili kwa machungu. Mimi nilijiandikisha wiki ile ile niliyostaafu, nikapokea ujumbe wa kuthibitisha, nikauhifadhi simuni kama hati ya shamba. Miezi minane baadaye nikashikwa na ngiri iliyotaka upasuaji wa haraka, na karani wa hospitali alipoingiza namba ya kitambulisho changu akaniambia kwamba nimeandikishwa lakini sijalipa hata senti. Ilibidi mchango wa mwaka mzima upatikane jioni ile ile nikiwa nimejikunja juu ya machela, na uliopatikana ulitokana na mkufu wa mke wangu. Simlaumu karani.

Kiinua mgongo kina wagomvi wengi: kuna paa, kuna harusi, kuna mjomba mwenye wazo la kununua boti. Toa bima kwanza, yako na ya mama, kisha hao wengine wagombanie kilichobaki.

Kwa wastaafu wengine wanaosoma hapa, kama mume au mke bado ameajiriwa na anakatwa ile asilimia 2.75, mwenzake aliyestaafu aandikishwe kama mtegemezi wake kabla ya kufikiria njia nyingine. Bwana wa Langoni hana nafasi hiyo, maana ushonaji wa kofia hauna hati ya mshahara.

Mpiga Hesabu wa Barani:

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu haraka, lakini sikubali kwamba alipe kiasi chochote alichopewa bila kuhoji. Pensheni haikatwi kama mshahara, bali mstaafu huwekwa katika kundi la wasio na ajira ya mshahara, na mapato yake hukisiwa kwa kutazama mambo kama kuta, sakafu, choo, maji na nishati ya kupikia. Kwa mji kama Lamu makisio ya namna hii yana walakini, kwa kuwa jiwe la matumbawe lililojengwa na babu wa babu halisemi lolote kuhusu kilichomo mfukoni mwa mjukuu.

Chukua kalamu. Tuseme pensheni yako ni Sh24,000 na huna mapato mengine. Asilimia 2.75 ni Sh660 kwa mwezi, sawa na Sh7,920 kwa mwaka. Ikiwa ulicholetewa kinapita hapo kwa mbali, nenda na barua ya pensheni ukaombe tathmini irudiwe, na useme waziwazi kwamba nyumba ni ya urithi na una wenzako ndani yake. Usiwaandikie kwamba unakaa katika kibanda cha makuti. Uongo ukigunduliwa, utaharibu hata ile hoja yako ya haki.

Kuhusu mkupuo, upo mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole, ambao kwa hakika ni mkopo: mchango wa mwaka hulipwa, nawe ukaurejesha kidogo kidogo. Unamfaa mvuvi au mama mboga. Mwenye kiinua mgongo mkononi sioni kwa nini ajitie deni.

Jambo moja ambalo wengi hulisahau ni kwamba nauli ya mashua hadi Mokowe, basi la Mombasa na malazi ya anayemuuguza mgonjwa havimo katika bima. Aliye Lamu aweke fungu dogo la hayo. Na walio kazini bado waulize kwenye mfuko wao wa pensheni kuhusu akiba ya matibabu ya uzeeni, kwani tangu mwisho wa Desemba 2024 mchango wa hadi Sh15,000 kwa mwezi hautozwi kodi ya mapato.

Mstaafu wa Langoni:

Nawashukuru nyote. Nimekokotoa kwa pensheni yangu, na walichonitaka kinakaribia kuwa mara mbili ya hesabu yangu, kwa hiyo barua ya pensheni nimekwisha kuitoa sandukuni. Mama nimemwandikisha leo baada ya alasiri, naye amepata Sh3,600, nikalipa papo hapo. Namba ya simu niliyokuwa nimeiweka mwezi wa Juni, kumbe, ilikuwa ya mwanangu aliye Mombasa. Hiyo nayo nitaibadilisha nitakapokwenda na barua.