Kuna mtu amewahi kubadilika kisiasa kwa kubishana mtandaoni? Ukoo wetu unavunjika

Kijana wa Kaptembwo:
Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri.

Kwetu ni Kakamega ila tumetawanyika, wengine tuko hapa Nakuru, wengine Kisumu. Tuna kundi la WhatsApp lililoanzishwa kuchangia matibabu ya nyanya. Siku hizi ni siasa tu, na wapiganaji wakuu ni mimi na baba mdogo. 2022 mimi nilikuwa UDA ya Ruto, nembo yao ya wilbaro mpaka kwenye picha ya wasifu, yeye Azimio ya Raila damu. Sasa mimi serikali hii siitaki hata kuisikia, na yeye ndiye wakili wake tangu watu wa Raila wapewe uwaziri, Mbadi Hazina na Wandayi Kawi. Namtumia takwimu, namtumia video za zamani za wakubwa wake wakisema kinyume. Ananijibu kwa ujumbe wa sauti mrefu kama mahubiri. Shangazi amejitoa, binamu wamezima sauti ya kundi, na mchango umeshuka.

Niendelee au ninyamaze? Ukweli uko upande wangu, na nikinyamaza naona ni kama nimemwachia uwanja.

Nyalenda B:
"Ukweli uko upande wangu." Mzee naye huko aliko anasema hivyo hivyo. Endeleeni 😂

Mwalimu Mstaafu, Kisumu:
Kijana, soma tena ulichoandika. Miaka mitatu hivi mmebadilishana viti, wewe umekaa alipokuwa yeye na yeye amekaa ulipokuwa wewe. Sasa niambie, ni ujumbe gani kati ya ile yote mliyotumiana uliofanya kazi hiyo? Nadhani hakuna. Wewe pengine uliguswa na Mswada wa Fedha wa 2024, ule uliotaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Yeye watu wake waliteuliwa kuingia serikalini Julai mwaka huo huo, naye akaingia nao.

Tuliyaona haya 2018. Rais Uhuru na mpinzani wake Raila walipopeana mkono pale Jumba la Harambee Machi 9, hapa Kisumu watu waliokuwa wakimlaani rais asubuhi walikuwa wakimtafutia sababu jioni. Mtu huhama na watu wake, hoja huzitafuta akishafika. Kwa hiyo hizo video za zamani unazomtumia hazimfundishi kitu, zinamwaibisha tu mbele ya wapwa na wake za wanawe. Nani atakubali kosa mbele ya hadhara ya namna hiyo? Wewe ungekubali?

Dada wa Shabab:
Napinga kidogo, Mwalimu. Mimi kwenye makundi siandiki siasa, lakini nasoma yote. Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais Septemba 2017 niliamini majaji wamehongwa. Kuna jirani alikuwa akibishana na mtu mwingine kabisa, akaeleza polepole kwamba shida ya majaji ilikuwa jinsi matokeo yalivyopeperushwa na kuhakikiwa. Nilimwelewa. Aliyekuwa akibishana naye mpaka leo hajaelewa. Tuko wengi tunaosoma kimya.

Kijana wa Kaptembwo:
Kwa hivyo niendelee?

Dada wa Shabab:
Jirani yule hakumwita mtu kibaraka hata mara moja. Wewe je?

Kijana wa Kaptembwo:
...

Mluhya wa Mjini:
Wamarekani wameuchunguza huu ubishi wetu. Utafiti wa 2018 uliwalipa watu wa Twitter wafuate kwa mwezi mmoja akaunti inayosambaza maoni ya upande wa pili. Wale wa chama cha Republican walizidi kushikilia msimamo wao. Lakini mwingine wa 2016, wa Broockman na Kalla, watu walibisha hodi mlango kwa mlango Miami, wakaongea na wenyeji kama dakika kumi kuhusu watu waliobadili jinsia. Hawakuwamwagia takwimu. Waliwauliza kama wao wenyewe wamewahi kudharauliwa kwa kuwa tofauti, wakawaacha wasimulie. Miezi mitatu baadaye mabadiliko yalikuwa bado yapo. Miami si Kakamega, najua, ila mpigie mzee simu. Umuulize 2022 aliumizwa na nini, halafu unyamaze asimulie.

Boda wa Free Area:
Na mbona lazima abadilike? Ana kura moja kama wewe. Abiria wangu wa kila siku tunapingana kila kitu na bado ananilipa.

Kitu cha haraka ni nyanya. Fungueni kundi la pili la mchango peke yake, admini tu ndiye anaandika. Hili lingine mliachie vita.

Mwalimu Mstaafu, Kisumu:
Boda amesema. Na shangazi arudishwe huko kwanza.

Kijana wa Kaptembwo:
Asanteni. Simu nitapiga Jumapili akitoka kanisani, huwa ametulia. Kundi la pili pia nalichukua, shida ni admini. Mweka hazina wetu ni yeye baba mdogo.