Je, nyongeza zilizomo kwenye diski ya filamu zina faida kwa vijana wanaojifunza kutengeneza filamu?

Mlezi wa Kikundi, Ujiji

Ndugu zangu, habari za kwenu. Hapa Ujiji ninalea kikundi cha vijana wanaotengeneza filamu fupi kwa simu na kamera moja ya kuazima. Binamu yangu aliyetoka Marekani alituletea DVD halisi ya The African Queen, filamu ya John Huston ya mwaka 1951, kwa kuwa alijua kwamba meli ya Kijerumani iliyomo katika hadithi ile huhusishwa na Graf von Götzen, yaani Liemba yetu hii ya bandari ya Kigoma. Kasha linasema kwamba mbali na filamu yenyewe kuna makala kuhusu jinsi ilivyotengenezwa. Deki yetu iliikataa, basi nikaipeleka kwenye duka la kuingiza filamu kwenye flashi, nikarudishiwa faili moja tu, la filamu. Kijana wa dukani anasema hayo mengine ni matangazo yasiyo na mtazamaji. Naomba kuuliza: je, ni kweli kwamba nyongeza hizi hazina maana? Na kama zinayo, nitazipataje?

Fundi wa Mwanga, Kigoma

Ndugu Mlezi, nitajibu hilo la pili, la kwanza nawaachia wenye macho ya filamu. DVD zilipoanza kuuzwa, kampuni za filamu ziliigawa dunia katika kanda sita za mauzo. Marekani ni kanda ya 1, nasi Tanzania tumo kanda ya 5, na ndiyo sababu deki yako imeikataa diski hiyo, ingawa deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa huku hazijali kanda. Kompyuta yenye programu ya VLC mara nyingi huifungua bila kubadilisha chochote. Ikikuuliza kama ubadilishe kanda ya kisomadiski, kataa kwanza, kwa sababu kwa kawaida badiliko hilo linaruhusiwa mara tano tu, na baada ya hapo hubaki na kanda ya mwisho uliyoichagua.

Kuhusu flashi, kilichotokea dukani ni cha kawaida. Ndani ya diski, filamu na nyongeza huhifadhiwa kama sehemu tofauti katika folda moja, na menyu ndiyo inayoziunganisha. Programu ya kubadilisha faili hutafuta sehemu iliyo ndefu kuliko zote, huchukua sauti moja, kisha huacha vingine vyote. DVD inaweza kubeba njia 8 za sauti na 32 za maandishi ya chini, kwa hiyo hata pale mwongozaji anapozungumza juu ya filamu yake kwenye njia ya pili ya sauti, sauti hiyo hupotea bila mtu kujua kwamba ilikuwepo. Waambie wakutolee nakala kamili ya diski, yaani ISO. Faili hilo linaweza kukaribia gigabaiti 8, na flashi iliyoumbizwa (format) kwa mfumo wa kuhifadhi faili uitwao FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, hivyo iumbizwe upya kwa mfumo wa exFAT. Hatua hiyo itafuta kila kilichomo.

Mwalimu wa Isevya, Tabora

Kijana wa dukani hakukosea kabisa. Sehemu kubwa ya kinachoitwa nyongeza ni mahojiano yaliyorekodiwa kwa ajili ya kuuza filamu, ambamo kila mwigizaji anamsifu mwenzake na hakuna anayesema kamera iliwekwa wapi. Hayo unaweza kuyaruka bila hasara.

Maelezo yanayozungumzwa juu ya filamu, ya mwongozaji au ya mtaalamu, ni jambo jingine. Utaratibu huu ulianza mwaka 1984, pale kampuni ya Criterion ilipotoa King Kong kwenye LaserDisc, diski kubwa iliyotangulia DVD, na mwanahistoria wa filamu Ronald Haver akaizungumzia tukio kwa tukio. Kwa kikundi chenye kamera ya kuazima, ningeweka mbele ya yote diski ya El Mariachi ya Robert Rodriguez. Filamu ile ya mwaka 1992 ilipigwa kwa takriban dola 7,000, na katika nyongeza zake Rodriguez anaeleza jinsi alivyotumia kiti cha magurudumu kusogeza kamera na jinsi alivyorekodi sauti kando kisha akailinganisha na picha. Vijana watazame tukio kwanza bila maelezo, wabishane kuhusu lilivyopigwa, ndipo wasikilize.

Na hiyo mliyo nayo msiidharau. Kikosi cha Huston kilisafiri hadi Kongo na Uganda, lakini yale matukio ya waigizaji kuingia majini kati ya matete yalipigwa katika studio jijini London, kwa kuhofia afya zao. Anayelijua hilo hatamlazimisha mwigizaji wake kuingia ziwani penye mamba ili apate picha ya sekunde kumi. (Naandika hivi kwa sababu nimeona vijana wakijaribu.)

Mama wa Gungu, Kigoma

Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe, ila umeruka kikwazo cha lugha. Maelezo hayo ni ya Kiingereza cha haraka, kinachozungumzwa juu ya sauti ya filamu, na kijana wa kidato cha pili hatayafuata. Kwetu tumezoea mtafsiri wa bandani, lakini yeye anasimulia hadithi na kuongeza vichekesho vyake, hafundishi ufundi. Diski za filamu zetu za Bongo nazo, zilizokuwa zikigawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, nyongeza yake ilikuwa trela za filamu zijazo na basi. Ningependa waongozaji wetu waliofanya kazi ile waketi mbele ya filamu zao na kuzieleza kwa Kiswahili, kwa kuwa gharama yake ni kinasa sauti na mchana mmoja.

Mlezi wa Kikundi, Ujiji

Asanteni sana. Fundi, je, maelezo hayo huwa na maandishi ya chini, ili nisome mapema na kuwaeleza vijana kwa Kiswahili?

Fundi wa Mwanga, Kigoma

Baadhi ya diski zinayo, nyingine hazina. Fungua VLC, nenda kwenye orodha ya maandishi ya chini, ujaribu njia moja baada ya nyingine, kwa kuwa mara nyingi hazina majina. Ukishindwa, niletee diski Jumamosi baada ya adhuhuri, pamoja na flashi isiyo na kitu ndani.