Laptopu inawaka ila betri haichaji

Swali: Wakuu, naombeni msaada. Nikichomeka chaja laptopu inafanya kazi vizuri, ila betri imeganda kwenye asilimia 7. Nikichomoa tu, inazima papo hapo. Nikigusa waya pale unapoingia kwenye mashine, taa ya chaji inapepesa. Ripoti yangu ya kazi imo humo na sina nakala. Nianzie wapi?

Jibu: Pole sana mkuu. Mimi naishuku chaja kuliko betri. Kama ncha yake ni ya mviringo, chungulia ndani: nyingine zina sindano nyembamba katikati, na hiyo ndiyo inayoiambia mashine chaja ina wati ngapi. Ikipinda, au waya wake ukikatika ndani kwa ndani, mashine inapata umeme lakini inagoma kuchaji betri. Azima chaja ya aina ileile: volti sawa, wati zisipungue. Tafadhali usikimbilie kununua betri, wengi wanapoteza hela hapo.

Jibu: Kwanza nakili ripoti kwenye flashi, sasa hivi! Kisha izime, uiweke juu ya meza tambarare. Ikiwa inayumba, au sehemu ya kusogezea kishale imeinuka, betri imevimba. Usiichaji tena wala kuibonyeza, mpelekee fundi.

Muuliza swali: Ripoti nimeshanakili. Mezani imetulia kabisa. Sindano kweli imelala upande! Nimeazima chaja ya wati 65 kama yangu, asilimia zinapanda, sasa 31. Asanteni sana, natafuta chaja mpya.