Giaboksi ya otomatiki ikianza kusumbua: wenye wagoni za familia Mombasa, tupeane uzoefu

Mama Tudor

Salaam kwenu nyote. Nimeona bora tuwe na mahali pamoja pa kukusanya visa vya giaboksi za otomatiki, hasa za hizi wagoni zetu za familia: Fielder, Legacy, Caldina, Airwave na wenzao. Gari linapeleka watoto shule asubuhi, Jumamosi linabeba magunia kutoka soko la Kongowea, na Idi ikifika linapakia ukoo mzima kwenda Malindi. Siku likikataa kuingia gia, nyumba nzima inakwama.

Kinachoniuma ni jinsi giaboksi inavyohukumiwa upesi. Ukifika gereji ukasema gari linachelewa kuondoka, jawabu la kwanza ni "tafuta mtumba". Jeki inaingia, giaboksi inateremshwa, na hakuna aliyechomoa hata dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Basi tuelezane: gari gani, dalili gani, nani aligundua na kwa kupima nini, na dawa ilikuwa nini hasa.

Naanza mimi. Fielder ya umbo la zamani, gia nne. Asubuhi ukitia D, gia ya kwenda mbele, kimya. Unasubiri, unasubiri, kisha inaingia kwa kishindo. Likishapata moto linatulia. Nikaambiwa giaboksi imekufa. Shemeji yangu wa Mikindani akasema tusiguse kitu mpaka aione. Aliliendesha likapata moto sawasawa, akaliegesha pahali palipo sawa, injini ikiwa inazunguka na mguu kwenye breki akapitisha mkono wa gia polepole kutoka P, ile ya kuegesha, hadi mwisho na kuurudisha P. Ndipo akachomoa dipstiki, akaipangusa, akairudisha na kuichomoa tena. Oili haikufika hata alama ya chini ya HOT, yaani ya oili iliyopata moto. Lakini ilikuwa bado nyekundu, haina harufu ya kuungua. Akalala chini ya gari, akaona vumbi lililoganda na oili pale shafti ya gurudumu inapoingia kwenye giaboksi: sili, ule mpira wa kuzuia oili isivuje, imechoka. Sili mpya, oili ya giaboksi ya Toyota aina ya T-IV ikaongezwa kidogo kidogo, na kile kishindo hakijarudi.

Aina ya oili msiibahatishe. Toyota za baadaye zinatumia aina ya WS, na zenye CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na gia za kuhesabu, zina oili yao nyingine kabisa. Kijitabu cha gari kinasema, na mara nyingi hata dipstiki yenyewe imeandikwa.

Abu Mtongwe

Shukran dada kwa kuanzisha. Changu ni kirefu, nivumilieni, maana naamini kinawahusu wengi wanaotumia maji ya kisima.

Caldina, tulilinunua mkononi mwa mtu. Thamostati, ile inayosimamia joto la injini, ilikuwa imeshatolewa, na rejeta ikijazwa maji matupu. Sisi huku ng'ambo ya Likoni mnajua maji yetu, yana chumvi. Rejeta ya gari la otomatiki ina kitu ambacho wengi hawakioni: ndani ya tangi lake la chini mnapita oili ya giaboksi ili ipoe. Chumvi ikila ule mfereji, maji na oili vinakutana.

Dalili ilijitokeza kivukoni Likoni, siku za bamvua, maji yametoka sana na ngazi ya feri imeinuka wima. Nakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari halipandi. Nyuma yangu honi. Vijana wakalisukuma mpaka juu. Nilipochomoa dipstiki, oili ilikuwa imegeuka kama juisi ya mapera iliyotiwa maziwa. Injini ilipopoa nikafungua kifuniko cha rejeta, juu ya maji pameelea utando wa mafuta. Gari likavutwa kutoka pale pale, sikuliwasha tena.

Fundi alithibitisha kwa njia rahisi sana. Alichomoa mipira miwili ya oili kwenye rejeta, akaziba tundu moja, akapuliza upepo kidogo kwenye tundu la pili huku kifuniko cha juu kiko wazi. Maji yakatoa mapovu. Hapakuwa na ubishi tena.

Rejeta ikabadilishwa, na kwa oili akaweka kipoozi cha peke yake mbele, nyuma ya grili, kisichopita kwenye rejeta kabisa. Kisha kazi ya kuosha. Ukifungua bolti ya sampu, lile karai la oili chini ya giaboksi, inatoka chini ya nusu ya oili yote, iliyobaki imejificha ndani ya konveta, inayopitisha nguvu za injini kwenda giaboksi, na kwenye vali bodi yenye njia za oili. Kwa hivyo alimwaga, akajaza, akaliinua gari kwa jeki akalizungusha kwenye kila gia, akamwaga tena, mpaka oili ikatoka nyekundu safi.

Je, ilipona? Kwa miezi kadhaa, ndiyo. Baadaye ikaanza kuteleza ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu. Ilipofunguliwa tukaona sababu: sahani za klachi za otomatiki zimevikwa kitu cha jamii ya karatasi kilichogandishwa kwa gundi, na maji yanailegeza ile gundi. Vipande vilikuwa vinabanduka kwa kucha. Tukaweka seti mpya ya sahani na sili zake, alhamdulillahi sasa linapanda Mazeras limejaa watu bila kuhangaika. Rejeta yangu sasa haionji maji ya kisima. Natia kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, iliyochanganywa tayari.

Kijana wa Bombolulu

Abu Mtongwe, pole sana. Mimi niko karibu kununua giaboksi ya mtumba, sahani zangu zimeisha kabisa, oili nyeusi na inanuka kuungua. Nitajuaje kama ninayouziwa si bovu jingine?

Mwalimu Kisauni

Kijana, wenye ujuzi watakujibu. Mimi nina Legacy ya gia nne inayovuta magurudumu yote. Ukikata kona kali, mfano kugeuza kwenye uwanja wa shule, gari lilikuwa linajizuia lenyewe, linaruka-ruka kana kwamba breki ya mkono imeshikwa. Likienda moja kwa moja, halina neno. Nililetewa hesabu ya kubadilisha giaboksi nzima.

Fundi mwingine, mtu mzima asiyependa maneno mengi, akafungua boneti akanionyesha mahali pa fyuzi palipoandikwa FWD, yaani kuvuta kwa magurudumu ya mbele tu, pakiwa patupu. Akachomeka fyuzi, taa ya FWD ikawaka kwenye dashibodi, akasema, "Mwalimu, zungusha sasa." Likazunguka laini. Ile fyuzi inaamuru magurudumu ya nyuma yaachiwe, na tatizo likitoweka ujue liko kwenye klachi ya nyuma inayogawa nguvu, au solenoidi yake, ile vali ndogo ya umeme inayoiongoza, na si kwenye gia.

Kabla ya kufungua chochote akapima matairi. Mbele yalikuwa mapya, nyuma yamelika. Kwa gari kama hili, tairi ndogo na kubwa zinailazimisha ile klachi kuteleza kila wakati. Tairi nne za aina moja, oili mpya, na solenoidi moja. Mwili wa giaboksi haukuguswa.

Fundi wa Magongo

Nawasoma kwa furaha, kwa sababu hayo ndiyo ninayowaambia wateja kila siku. Niongeze upande wa umeme.

Mashine ya kusomea kompyuta ya gari ikitoa msimbo wa P0700, msikubali mtu awaambie hiyo ndiyo hitilafu. Huo ni mwito tu wa kusema kompyuta ya giaboksi ina neno, na neno lenyewe liko kwenye msimbo mwingine. P0741 inahusu klachi ya ndani ya konveta kutoshika. P0750 ni solenoidi ya kwanza ya gia, nayo inaweza kuwa waya au soketi tu. Andikeni misimbo kabla haijafutwa! Fundi anayefuta kwanza ndipo aulize maswali amewatupia ushahidi.

Hapa pwani hewa ya chumvi inakula soketi na waya wa arthi wa betri. Nimeona gari linaruka gia ovyo, na kilicholiponya ni kusugua arthi mpaka chuma kikang'aa. Gari likigonga unapotia R, gia ya nyuma, angalia kwanza maunti, yaani mipira inayoshikilia injini: mtu akanyage breki, atie D kisha R, wewe utazame injini inavyonyanyuka. Na mkono wa gia ukigoma kutoka P, tazama taa za breki. Zisipowaka, swichi ya pedali au fyuzi yake ndiyo iliyokufunga.

Bi Nyali

Mercedes C-Class ya wagoni, gia tano. Ikawa inaganda gia ya pili. Ukizima na kuwasha inarudi sawa, kisha inaganda tena. Kumbe oili ilikuwa inavuja kwenye soketi kubwa ya giaboksi na kupanda ndani ya waya wenyewe, mpaka ikafika kwenye kompyuta. Soketi ile ina sili za mpira za bei ndogo sana. Zikabadilishwa, waya na kompyuta vikasafishwa. Wenye gari hili mkumbuke halina dipstiki. Fundi hutumia yake maalumu, na oili inapimwa ikiwa kwenye nyuzi 80 za Selsiasi.

Mama Mtwapa

Airwave yetu ilikuwa inatetemeka ikianza kuondoka tu. Oili ya CVT ya Honda yenyewe, si ya kufananishwa, na kompyuta ikafundishwa upya ile klachi ya kuondokea. Mtetemo umepungua sana ingawa haujaisha. Kwa Honda, oili inapimwa mara tu injini ikishazimwa, usichanganye na Toyota.

Fundi wa Magongo

Kijana wa Bombolulu, sijakusahau. Kama ni Toyota, kuna kibati ndani ya boneti chenye namba ya giaboksi, mfano U340E. Namba ya mtumba ilingane na hiyo, usidanganywe kwamba "zote ni za Fielder". Kabla ya kulipa, omba sampu ifunguliwe mbele yako utazame sumaku zilizomo. Uji wa kijivu laini ni wa kawaida. Chembe za chuma zinazong'aa au za rangi ya shaba, ondoka. Chukua risiti iliyoandikwa muda wa kurudisha. Osha mipira na kipoozi chako cha zamani kabla ya kufunga, kwa sababu uchafu wa giaboksi iliyokufa umelala humo na utaingia kwenye hii mpya. Na siku ya kufunga, konveta isukumwe huku ikizungushwa mpaka ikae ndani kabisa kabla ya bolti kukazwa. Ikikaa nusu, pampu ya oili ya giaboksi inavunjika kabla gari halijatoka gereji.