Betri za kwenda mbili mbili (tochi, spika, vepu yaani sigara za umeme): tupeane uzoefu

mwana_sahare:
Wakuu, kwema? Jambo hili nimekaa nalo wiki mbili, leo naliteremsha.

Mimi mvuvi wa usiku, Sahare hapa Tanga. Tangu karabai zituache, kila mtu ana tochi ya kichwani, zile zenye kijisanduku kinachokaa kisogoni, ndani yake betri mbili nene za 18650. Mwezi uliopita moja ikawa haishiki chaji. Nikaazima ya kijana wetu kwenye spika yake, nikaiweka pamoja na yangu iliyobaki. Ya kijana imetoka kwenye chaja saa hiyohiyo, kijitaa kijani. Yangu ilikuwa haijachajiwa tangu jana yake. Tochi ikawaka vizuri tu.

Hatujafika hata maji makubwa nasikia kisogo kinachoma. Nikadhani ni ukanda umebana. Kidogo ikaja harufu tamutamu, kama rangi ya kucha. Kuivua, kijisanduku kimeshalainika, kinabonyea kama mkate wa maziwa. Nikaitumbukiza kwenye maji ya ngamani, ikafoka, ikatulia. Nywele zimeota, ila mke wangu mpaka leo akinipitia kwa nyuma anacheka.

Kumbe betri si kandambili za msikitini, kwamba ukikosa yako unachukua ya mwenzio unaondoka zako. Mwenye kifaa cha betri mbili aseme hapa anazitunzaje. Na wenye vepu mjitokeze, najua mpo, betri zenu ni hizihizi.

fundi_ngamiani:
Pole sana kaka. Umepona kwa sababu ya bahari, ungekuwa umelala nayo ndani tungekuwa tunaongea mengine.

Ngoja nieleze kidogo maana kila wiki naletewa kesi kama hii mezani. 18650 ni vipimo vyake tu, unene milimita 18, urefu 65. Ikijaa ni volti 4.2. Ikishuka chini ya 3 imechoka, na 2.5 ndiyo mwisho wa kuikamua.

Kijisanduku chako, kama vichwa vya betri vinatazama upande mmoja, mara nyingi zimepangwa sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ukiweka iliyojaa na tupu, hata kabla hujabonyeza swichi, iliyojaa inaimwagia mwenzake. Hakuna koki ya kupunguza, ni chuma kwa chuma. Taa yenyewe haina kosa. Zilikuwa zinasawazishana juu ya kisogo chako.

Vepu kubwa nyingi na baadhi ya tochi zinapanga kwa mfuatano, moja kichwa juu, nyingine kichwa chini. Volti zinajumlishwa, mbili zilizojaa ni 8.4. Hapo ubaya wake ni mwingine. Mkondo uleule unapita kwa zote mbili. Iliyochoka ikiisha, yenye nguvu bado inasukuma, basi ile tupu inapitishwa kinyumenyume mpaka chanya yake inageuka hasi. Nimeshaipima ya namna hiyo, mita ikanitolea alama ya kutoa mbele ya namba. Mwenyewe akaniuliza, "Fundi, inachajika?" Nikaifunga tepu, nikaiweka pembeni, nikamwambia hiyo tumeshaagana nayo.

Na usitegemee kifaa kikuonye. Kilichotengenezwa vizuri kinaangalia kila betri peke yake. Cha bei chee kinasoma jumla. Moja ina 3.9, nyingine 2.9, jumla 6.8, wastani 3.4, kinakwambia twende kazi.

Kwa hiyo mimi nikimuuzia mtu jozi, naziandika kwa kalamu ya wino usiofutika, namba na mwezi. Zimenunuliwa siku moja, aina moja, zitachajiwa pamoja, zitatumika pamoja. Moja ikifa, zote zinatoka kazini. Na kila ukichaji zibadilishe vyumba, ya kushoto iende kulia, maana kuna vifaa vinavyoichosha ya upande mmoja zaidi.

mkuki_butu:
Mnatishana tu. Mimi nachanganya ya laptop na ya pawabenki mwaka wa tatu huu, tochi inawaka, nyumba haijaungua.

fundi_ngamiani:
@mkuki_butu mkuu, tochi yako ina taa ndogo, inakunywa kidogokidogo, inakusamehe. Hebu mpelekee mwenye vepu jozi yako hiyo uone.

abuu_baharia:
Mmenitaja, nimekuja.

Vepu niliianzia Muscat, meli ilikaa bandarini siku tisa. Nia ilikuwa niachane na sigara. Kuachana hatujaachana, sasa nina vyote viwili, lakini hiyo iwe mada ya siku nyingine. Kitu chenyewe cha chuma, kizito kama nyundo, betri mbili kwa mfuatano.

Yangu hayakutokea ndani ya vepu. Ijumaa, nimevaa kanzu, natoka nyumbani kwa baiskeli. Mfuko wa kanzu una betri mbili za akiba, ufunguo wa kufuli la baiskeli na sarafu mbili za mia mbili. Betri moja ganda lake lilikuwa limechanika kidogo karibu na kichwa, mchaniko wa kucha tu, nikaupuuza. Ambacho sikukijua ni kwamba mwili mzima wa betri ni hasi. Chanya ni pale kichwani tu, na kinachotenganisha ni kijipete chembamba na lile ganda la plastiki. Ufunguo ukalala pale kwenye mchaniko, ukagusa kichwa na ubavu kwa pamoja. Shoti.

Ndugu zangu, betri ile ikipiga shoti inatoa ampea kwa makumi. Sikupata nafasi ya kufikiri. Baiskeli nimeiacha iende yenyewe, kanzu nimeivua katikati ya barabara, mchana kweupe, watu wanaelekea msikitini. Mzee mmoja akanishika bega akaanza kunisomea, kadhani nimepandisha. Kanzu ilitoboka tundu la ukubwa wa yai la kuku. Paja lina alama mpaka leo.

Siku hizi betri ya akiba inakaa kwenye kisanduku chake cha plastiki, kila moja na chumba chake. Ganda likichubuka naivua, navisha jipya. Linauzwa kama kijimrija. Unalikata, unarudisha kile kijipete kichwani, unavisha, unalipitishia joto la draya linabana lenyewe. Draya naazima saluni ya jirani, wameshanizoea.

Na fundi kasema kweli kuhusu vepu. Ukiweka wati 80, betri mbili za mfuatano zikiwa na volti 7 na ushee, ni kama ampea 11 zinazotoka kwa kila moja. Tochi yangu ya kichwani haifiki 2. Ndiyo maana betri za laptop ya zamani, ambazo kwa tochi zinafaa, kwenye vepu ni kujitafutia maneno. Zilitengenezwa kutoa polepole kwa saa nyingi, si kukurupushwa.

mama_pweza:
Wanangu, mimi volti sizijui. Naenda kuchokoa pweza, bamvua la usiku natumia tochi mbili, yangu na ya binti yangu. Betri nne. Wajukuu wakawa wanazichomoa mchana kwa ajili ya redio, jioni wanarudisha popote mkono ulipofika. Tochi yangu ikawa inakufa nikiwa mwambani, maji yanarudi.

Nilichokata ni leso kuukuu. Nimeshona vifuko vinne, viwili kwa uzi mwekundu, viwili kwa uzi mweupe. Mwekundu ndiyo yangu. Kila kifuko betri moja, na vifuko viwili nimeviunga kwa uzi wao, huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine. Mtoto akitaka kuazima ataazima vyote viwili, na kwa vyote viwili lazima aniombe. Kuanzia hapo tochi haijanizimikia.

mwana_sahare:
Shikamoo mama! Hiyo ya kuunga vifuko sikuwahi kuifikiria, naiiba leo hii.

mama_pweza:
Marahaba mwanangu. Iba, ila mkeo ndiye ashone, wewe utajichoma sindano.

abuu_baharia:
Mama, maji ya chumvi je? Springi zangu zinapata kutu kila safari.

mama_pweza:
Nafuta kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, betri zikiwa nje. Kisha naacha wazi kikauke, sifuniki papo hapo.

kijana_chumbageni:
Wakuu, mimi nimepata dili, jozi imeandikwa 9900 mAh, elfu tatu kwa zote mbili. Niweke kwenye vepu?

fundi_ngamiani:
Usiweke hata kwenye spika ya mtoto. Hiyo mAh ni kiasi cha chaji inachobeba betri, na 18650 nzuri za kawaida zinaandikwa 2,500 mpaka 3,500 hivi. Anayekuandikia 9900 anakuuzia karatasi. Ipime hata kwa mizani ya dukani. Ya kweli inacheza gramu 45 mpaka 48. Niliwahi kuletewa moja ina 31, nikamuuliza mwenyewe zilizobaki ziko wapi.

Isitoshe hizo haziwezi kuwa jozi hata zikitoka boksi moja. Hujui ndani ya kila moja kuna nini. Mbili za kweli nikizichaji zikajaa, nikaziacha zitulie saa moja, zinapishana kwa kidogo sana, volti 0.02, 0.03. Zikianza kupishana kwa 0.1 mimi naitilia shaka hiyo ndoa.

kijana_chumbageni:
Duh. Sawa fundi, asante. Elfu tatu yangu hiyo imekwenda na maji.

mlinzi_pongwe:
Nalinda usiku, hivyo mchana nalala na tochi inachaji. Hapo ndipo nilipokuwa nakosea. Kibanda cha bati, kaskazi, ndani humo moto kama wa tanuri, na chaja nimeiweka dirishani kwenye jua. Betri hizi zikipita nyuzi 45 si za kuchajiwa. Jozi haikunimalizia mwaka. Sasa nachaji alfajiri nikitoka lindoni, kabla bati halijashika moto, na chaja iko sakafuni kwenye saruji, mbali na godoro. Nikienda likizo siziachi zimejaa wala tupu, naziacha kati, 3.7 hivi.

Lakini nililotaka kusema ni la kule nje. Jirani yangu alitupa betri mbovu mbili kwenye jaa la nyuma ya nyumba, na sisi takataka tunachoma, mnajua wenyewe. Jumamosi kakusanya majani ya mwembe, kawasha. Mlio wa kwanza tulidhani tairi. Wa pili kipande kimepita kikapiga ndoo ya mwanamke anayefua. Ndoo ilikuwa na maji, imetoboka. Watoto walikuwa wanaota moto hatua chache kutoka pale, lakini upande wa pili.

mwana_sahare:
Allah. Na mimi ninazo mbovu kwenye debe la misumari.

fundi_ngamiani:
@mwana_sahare zitoe humo SASA HIVI. Misumari ni kama ule ufunguo wa abuu. Funga tepu ya umeme kwenye kichwa na kitako cha kila moja, ziweke kwenye kopo la plastiki, niletee. Nazikusanya, kuna mtu wa vyuma na vifaa chakavu anazipitia kwangu. Usitoboe, usizichome, usifukie.

Na ikitokea siku moja inafuka moshi, usiishike kishujaa. Isukume nje kwa ufagio, mwagia maji mengi uipoze, na ule moshi usiuvute.

mkuki_butu:
Nimezitoa zangu tochini nikapima kwa mita ya shemeji. 4.05 na 3.38. Sisemi kitu.

fundi_ngamiani:
Karibu mezani mkuu, chai ipo.

mwana_sahare:
Nimefanya. Mke wangu katoa rangi yake ya kucha (harufu yake tu ilinirudisha baharini), jozi ya tochi ina doa jekundu, ya kijana kwenye spika doa la buluu. Ile ya kijana iliyochemka haipo tena, nimemnunulia jozi mpya, kanidai na fidia ya usumbufu juu.

Fundi, nakuja kesho baada ya laasiri na zile mbovu. Zilikuwa tano. Nne nimeshazifunga tepu. Ya tano binti yangu wa miaka minne kaifunga kwenye kitambaa, kampa jina, na sasa amejilaza nayo mgongoni. Nasubiri ashikwe na usingizi kweli.