Nyoka wa mahindi kataga mayai 13, mawili yamekwama: nimfanyeje?

Mama_Magamba (Leeds)

Habarini wakuu. Nina jike la nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus), miaka 4, gramu 610 kabla ya kutaga. Alijivua gamba, siku 10 baadaye akataga mayai 13 usiku mmoja, yote meupe na yamejaa. Sasa ni saa 40 tangu yai la mwisho litoke, na bado kuna vivimbe viwili, kama sentimita 12 kutoka tundu la haja. Anatembea, anatoa ulimi, maji anakunywa. Kujikamua amejikamua usiku wa kwanza tu. Upande wa joto nyuzi 29, wa baridi 23. Mmoja kanishauri nimkamue polepole kwa vidole kuelekea mkiani, mwingine kasema nivute ute wa yai kwa sindano. Lipi sahihi, na nisubiri mpaka lini?

Fundi_Viota

Dada, hapo hakuna lililo sahihi. Usimkamue. Mrija wa mayai wa nyoka ni utando mwembamba sana, na yai lililokaa ndani muda mrefu hukauka na kugandana na ukuta wake. Ukilisukuma halitelezi, linaondoka na mrija. Ama mrija upasuke ndani, ama ujitokeze nje kwenye tundu. Kupasuka ndani ndiko kunakodanganya watu: kivimbe kinapotea, nyoka anaonekana mzima, kumbe yai limeangukia tumboni na uchafuzi umeanza.

Kwanza thibitisha kwamba ni mayai. Mwache atambae mwenyewe juu ya ncha za vidole vyako, tumbo lipite taratibu, wewe usibonyeze. Yai utalihisi ni duaradufu, ncha mbili laini, ukubwa kama wa yale uliyokwisha kuyapata, sentimita 3 hadi 4. Mavi ni laini na yanahama. Mkojo mkavu unakuwa karibu kabisa na tundu, mgumu kama chokaa. Kuna na figo, nazo zinachanganya wengi: ziko eneo hilo hilo ulilolitaja, ndefu, zina mikunjo-mikunjo, ya kulia imetangulia ya kushoto, na jike akishataga na kukonda zinagusika kirahisi.

Kama ni mayai, leo usiku fanya haya. Chukua chombo cha plastiki chenye mfuniko, maji ya nyuzi 28 hadi 30, na pima kwa kipimajoto, usikadirie kwa mkono. Kina kisizidi nusu ya unene wa mwili wake. Tandika taulo la kukwaruza chini, maana akikosa pa kujishikiza anapoteza nguvu kwa kuteleza na misuli haipati pa kusukumia. Dakika 20 hadi 30, ukiwa hapo hapo. Kisha mrudishe kwenye kiota.

Kiota chenyewe ukikague. Kisanduku cha giza, tundu moja la kuingilia, ukubwa wa kumfanya akijikunja aguse kuta. Ndani weka makumbi ya nazi yaliyosagwa, yenye unyevu: ukiyafinya yasitoe zaidi ya tone. Kikiwa kikubwa mno, kikavu au kiko mahali watu wanapita, jike husitisha utagaji katikati. Kiweke sehemu ya joto, funika kioo kwa kitambaa, usimshikeshike mpaka asubuhi. Chakula usimpe.

Asubuhi kama hayajatoka, saa 48 zitakuwa zimepita. Mpigie daktari anayejua reptilia.

Dkt_Watambaao

Nakubaliana na Fundi, hasa hiyo saa 48. Nyoka hafi kwa saa chache kama kuku aliyekwama yai. Anaweza kukaa siku nyingi na yai na bado anaonekana mzima. Huo uzima ndio unaowafanya watu wachelewe. Ute unaganda, ganda linashikana na mrija, na kazi ambayo ingekuwa sindano moja inageuka upasuaji.

Daktari atataka kujua kwanza kama njia imezibwa au la. Iliyozibwa ni yai kubwa mno, lenye umbo baya, mawili yaliyogandana, jipu, uvimbe wa figo, au kovu la uzao uliopita. Isiyozibwa ni misuli iliyochoka, unene, kukosa maji, baridi, maambukizi, au kiota kibovu. Ndiyo maana ataomba eksirei au ultrasaundi kabla ya dawa. Oksitosini (dawa ya sindano ya kuleta uchungu) kwa njia iliyozibwa inaufanya mrija ubane kitu kisichopita, nao hupasuka. Hata njia ikiwa wazi, nyoka hawaiitikii vizuri kama kobe, na baada ya saa 48 inazidi kudorora. Usinunue uchungu wa sindano mtandaoni ukamdunge nyumbani.

Kalsiamu nayo, naona watu wanaipendekeza kila uzi wa namna hii. Ganda la yai la nyoka ni kama ngozi, lina chokaa kidogo, na nyoka anayekula panya wazima anapata madini ya mifupa yao. Upungufu ni tatizo la mijusi zaidi. Kumnywesha nyoka huyu kalsiamu hakutatoa yai.

Sasa ule ushauri wa kuvuta ute. Ni njia halali, ila ni ya kliniki. Ngozi inasafishwa kama ya upasuaji, nyoka anatulizwa, sindano ya geji 18 hadi 22 inaingizwa katikati ya magamba, upande wa chini wa ubavu, yai likiwa limeshikiliwa lisicheze. Ute unavutwa, yai linanywea, na linatakiwa litoke lenyewe ndani ya saa 24 hadi 48. Lisipotoka, linaondolewa kwa upasuaji, kwa sababu tundu lile linavujisha ute ndani ya mwili. Nyumbani mambo matatu yanaharibika: sindano inapita kwenye figo au mshipa wa damu, vijidudu vya kwenye magamba vinaingia ndani, au ute umeshaganda na hauvutiki, umebaki na yai lililotobolewa.

Upasuaji wenyewe hufanywa kwa nusukaputi ya kuvuta. Kwa kuwa nyoka ni mrefu na mayai yameachana, wakati mwingine hukatwa zaidi ya sehemu moja. Akiwahishwa, anaweza hata kubaki na uzazi.

Usingoje saa 48 ukiona: nyama nyekundu imetoka, damu au usaha unaonuka, anajikamua mfululizo bila kitu kutoka, au mwili umelegea na hageuki ukimlaza chali. Nyama ikitoka usiirudishe kwa kidole. Iloweshe kwa maji ya sukari mazito, hupunguza uvimbe, ifunike kwa shashi safi iliyolowa, na umpeleke saa hiyo hiyo.

Mama_Magamba

Asanteni sana. Nimemwacha atambae vidoleni: ni mayai, ncha zote mbili nazihisi. Nimemloweka, nikabadilisha kiota, na usiku moja limeshuka mpaka karibu kabisa na tundu. Akijikamua naona weupe. La pili halijasogea. Naruhusiwa kupaka jeli? Miadi nimepata leo saa tisa alasiri.

Dkt_Watambaao

Vizuri, na miadi usiifute hata hilo moja likitoka. Jeli ya maji isiyo na dawa wala manukato, ile ya kupimia wajawazito, inafaa. Vuta nusu mililita kwenye bomba lisilo na sindano, weka ukingoni mwa tundu, usichomeke ndani. Mafuta ya kula au ya mgando usitumie, yanabaki kwenye tishu na kumsumbua daktari. Yai likitokeza, usilivute. Ukiona utando wa rangi ya waridi umelizunguka, huo ni mrija wenyewe, na ukivuta unautoa nje. Daktari akiliona kupitia tundu anaweza kulitoboa na kulinyonya kutokea hapo hapo, bila kupita kwenye ngozi, na hiyo ndiyo njia nyepesi kuliko zote.

Safari ya kwenda huko: mfuko wa kitambaa ndani ya boksi, chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa taulo pembeni. Akipoa barabarani misuli inalala.

Mfuga_Ngong

Samahani kuingilia. Huku Kenya wenye kibali cha KWS (shirika la wanyamapori) tunafuga nyoka wa nyumbani (Boaedon), na jike langu halijawahi kukutanishwa na dume lakini linaonyesha vivimbe. Anaweza kukwama naye?

Fundi_Viota

Anaweza, ndugu. Jike hutaga mayai viza bila dume, na viza ndiyo yanayokwama zaidi: madogo, ya njano, magumu kama nta, misuli haipati cha kubana. Mwekee kiota hata kama hukukusudia uzao.

Hatari nyingine ya Boaedon ni kwamba hawana mapumziko. Wanahifadhi mbegu za dume, wakila sana wanataga mara kadhaa kwa mwaka, mpaka misuli inakwisha. Nyoka wa mahindi naye anaweza kurudia msimu mmoja, na uzao wa pili ndio wa kuogopa. Dume atolewe mapema, na jike wa nyoka wa mahindi asipandishwe kabla hajatimiza miaka 3, gramu 300 na urefu wa karibu mita moja. Kinyume chake, aliyenona mpaka mafuta yanajaza ubavu asipandishwe vilevile. Ngome kubwa yenye matawi ya kupanda humjenga misuli kuliko nyongeza yoyote ya unga.

Mama_Magamba

La kwanza limetoka kabla ya safari. La pili daktari kalinyonya kwa sindano, anasema ute ulikuwa bado mwepesi, anasubiri hadi kesho kutwa. Nimlishe lini?

Dkt_Watambaao

Mpaka ganda litoke, maji tu. Likishatoka na akapata choo, mpe kitoto cha panya kisicho na manyoya, kimoja, baada ya siku 3. Akikishikilia bila kutapika, rudia kila siku 4 au 5 ukiongeza ukubwa kidogo kidogo, na mpime uzito kila wiki. Panya mkubwa kwa haraka humtapisha, maana mwili bado umechoka. Ganda likitoka lihesabu vipande vyake na umpelekee daktari aone kama limetimia.